Mifuko Kumi na Mmoja ya Mama Asta

Kiwandani walimwita Torkild Overby Mchungaji wa Majivu, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi tu. Ukitupa kipisi cha sigara karibu na shimo la taka, unageuka na kumkuta nyuma yako. Ukisahau kufunga mlango wa banda la majivu, na huku kwetu upepo haupumziki, utahubiriwa mpaka uchoke. "Tunachoma uchafu wa watu laki moja na nusu," alikuwa akisema. "Wa kwetu wenyewe tutauficha wapi?" Vijana wa tanuri walimwigiza wakati wa kahawa, mikono kifuani na macho juu, mpaka wakapaliwa kwa kicheko. Naye aliwaona, akacheka nao, na kesho yake akaendelea vilevile.

Alikuwa na miaka hamsini na saba, ishirini na tisa kati ya hiyo akiwa palepale. Alianza kwa kuzoa majivu chini ya tanuri, akaenda shule ya jioni, akapanda mpaka akawa msimamizi wa mazingira. Kila asubuhi alisoma vipimo vya bomba la moshi, akazunguka uwanja mzima na buti zake za njano, akaandika ripoti ya halmashauri ya mji. Matokeo ya kila mwezi aliyabandika ndani ya kisanduku cha kioo pale langoni, mabaya na mazuri, ayasome apendaye. Wenzake walisema hakuna anayesoma. Yeye alisema hiyo si kazi yake, kazi yake ni kubandika. Mji mzima wa Hejlsby unapata joto lake wakati wa baridi kali kutoka kwenye tanuri hilo, na watu waliishi na bomba lile juu ya paa zao bila wasiwasi, kwa sababu Torkild alikuwepo. Nataka ulijue hilo kabla sijakueleza alichofanya, maana mtu akisikia mwisho tu atadhani tulikuwa na tapeli. Hatukuwa na tapeli. Ingekuwa nafuu.

Sasa kuna habari ya sukuma wiki. Kila majira ya joto kiwanda kinapeleka vyungu sita vikubwa kwenye nyua za majirani, udongo mmoja, mbegu moja, ile sukuma ya majani yaliyojikunja ambayo huku haikosekani mezani wakati wa Krismasi. Inaachwa wazi kwa mvua na upepo hadi Novemba, na chochote kinachoanguka kutoka angani kinanasa kwenye mikunjo ya majani. Halafu inakatwa na kupelekwa maabara. Mashine ya kwenye bomba inaweza kuharibika, inaweza hata kuzimwa. Sukuma inasimama tu pale inapokea. Torkild aliipenda kuliko vipimo vyake vyote.

Chungu namba nne kilikaa kwa Asta Kvist, mjane wa miaka themanini na mbili, kwenye bustani ndogondogo za chama cha bustani zilizo kaskazini mashariki ya kiwanda. Upepo wetu mwingi unavuma kuelekea huko, kwa hiyo kati ya vyungu vyote sita hicho ndicho kilichokuwa na maana. Mama Asta alikitunza kama mgeni wa heshima. Alikuwa akimwita Torkild "mwanangu," na kila alipofika kupima alimwekea kahawa na keki, awe na njaa asiwe nayo. Miaka kumi na moja walikuwa hivyo.

Mwaka huo, Septemba, tanuri lilizimwa kwa matengenezo. Lilipowashwa tena, kuna mahali kwenye vichujio hapakufungwa sawasawa, na moshi ukapita nusu haujasafishwa. Ikawa hivyo kwa saa kumi na tisa. Sheria inaruhusu saa za kuwasha zisihesabiwe, lakini ni zile tu ambazo tanuri linapashwa kwa mafuta na taka bado hazijaingia. Siku ile taka zilikuwa ndani tangu saa ya kwanza. Torkild alijua, maana alikuwa amesimama pale akiziona zikimwagwa. Mkurugenzi alipita mlangoni kwake, akasema, "Mwaka huu tumeshamaliza saa tulizoruhusiwa kuvuka kiwango, Torkild. Zikiongezeka hizo, wanatufungia katikati ya baridi. Basi andika unavyoona." Akaenda zake. Hakumwamuru kitu.

Torkild alikaa na kalamu nusu saa. Kisha akaandika "kuwasha" mbele ya saa zote kumi na tisa. Aliwaza wazee kwenye nyumba zisizo na joto, akaona ameandika kwa ajili yao. Loo, mtu hakosi wa kumwekea mzigo! Usiku hakulala vizuri, na asubuhi aliamka na wazo moja tu: sukuma ya mama Asta itasema.

Kwa hiyo alipokwenda kuivuna, mwanzoni mwa Novemba, miguu ilikuwa mizito. Akafungua kigeti, akaona. Chungu namba nne kilikuwa kimefunikwa nailoni safi inayong'aa, imekazwa kwa vijiti vinne na kufungwa kwa utepe mwekundu.

"Umeona?" mama Asta akasema, uso umemeremeta. "Njiwa walikuwa wanaimaliza, mwanangu. Tangu mwisho wa Agosti nimeifunika. Angalia jani hilo, hata tundu halina! Safari hii hamtanionea aibu kule maabara."

Kanuni iko wazi kuliko jua. Chungu kilichofunikwa hakifai, unaandika hakifai, basi. Torkild alisimama pale na mkasi mkononi, na kitu kilichomjia kifuani kilikuwa furaha. Naam, furaha. Alitabasamu mwanamume mzima. Akasema, "Nzuri sana, mama Asta," akafungua utepe, akakata majani, akayatia kwenye mfuko wa maabara, akaandika namba nne na tarehe, na kwenye mstari wa "dosari" akapiga kistari.

Alipokuwa anafunga kigeti mama Asta akamwita. Pembeni ya chungu lilikuwa tuta lake mwenyewe la sukuma, wazi, limetobolewa na njiwa. "Na hii yangu, nile? Si mbaya, eti?"

"Kula tu, mama," Torkild akasema. Hakugeuka vizuri.

Baridi ya kwanza iliyogandisha ardhi ilipokuja, maana sukuma huwa tamu baada ya hapo, mama Asta alivuna tuta zima. Akachemsha, akakatakata, akaminya maji, akafinyanga madonge ya ukubwa wa ngumi, sita kila mfuko, tayari kwa kuungwa na maziwa siku ya Krismasi. Alijaza mifuko kumi na mmoja na kuizungusha kwa watu wake kwa toroli, kama alivyofanya kila mwaka. Mmoja alimpa Lisbet, mkewe Torkild.

Torkild aliukuta kwenye friza alipokuwa anatafuta mkate. Alisimama mpaka friza ikaanza kupiga kelele kwa kuachwa wazi. Kisha akautoa, akautia kwenye pipa la nje, chini ya magazeti.

"Ile sukuma iko wapi?" Lisbet akauliza jioni.

"Mfuko ulipasuka, ikamwagika sakafuni. Nimetupa."

"Ya mama Asta? Si ungeniita kwanza! Basi Krismasi tule nini, majani ya kopo?"

"Tutanunua," akasema, akajifanya anasoma.

Majibu ya maabara yalirudi. Namba nne ilikuwa safi kuliko miaka yote.

Mkutano wa majirani ulikuwa Jumamosi ya pili ya Desemba, saa nne asubuhi, kwenye nyumba ya chama cha bustani. Watu thelathini hivi, kahawa, keki tatu, soksi zimeloa theluji. Halmashauri ilimtuma afisa wake wa mazingira, Rikke Thorup, mwanamke wa maneno machache. Torkild alionyesha michoro yake ukutani, akamaliza kwa maneno yaleyale ya kila mwaka: "Mashine mnaweza kuitilia shaka, jamani. Sukuma wiki haina sababu ya kudanganya." Wakapiga makofi. Mama Asta alipiga kwa nguvu kuliko wote, na waliokaa karibu naye wakamgusa bega, maana chungu ni chake.

Rikke Thorup aliinuka kuongeza kahawa. Pale kwenye meza ya kahawa pana ubao wa matangazo wa chama, na kwenye ubao kuna picha zinazoshinda shindano la kila mwezi. Akasimama. Akaangalia moja kwa karibu.

"Samahani," akasema, "hii ni namba nne? Ya lini?"

"Oktoba!" akajibu Egon, mwenyekiti wa chama, mtu wa sauti kubwa. "Picha bora ya bustani. Asta alishinda boksi zima la balbu za tulipu. Si imependeza, na utepe wake?"

"Imefunikwa nailoni."

Mama Asta alikuwa wa kwanza kuelewa kwamba kuna jambo, na alisimama, mkono kwenye kiti cha mbele yake. "Ni mimi," akasema. "Njiwa, binti yangu. Walikuwa wanaila. Kwani imeharibika?"

"Haifai kupimwa, mama," Rikke akasema. "Kilichofunikwa hakinasi kitu. Hatujui chochote kuhusu upande huu, mwaka mzima."

"Eh, Asta!" mtu wa nyuma akatania. "Umeidanganya serikali!" Watu wakacheka, si kwa ubaya, na mama Asta akajaribu kucheka nao. Shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka masikioni. Akamgeukia Torkild kama mtoto aliyevunja sahani ya watu.

Hapo palikuwa na nafasi. Ilikuwa kubwa, unaweza kupitisha lori la taka. Neno moja tu: niliiona. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye. Naye Torkild Overby, Mchungaji wa Majivu, akakohoa, akasema kwa upole kabisa, "Jamani, tusimlaumu mama Asta. Hakujua."

Sikia hiyo! Akamsamehe mbele za watu! Mpaka leo nikiikumbuka natamani kumrushia kikombe, na nilikuwa nimekaa safu ya tatu na kikombe nilikuwa nacho. Lakini siku ile nilidhani ni wema, kama wengine wote. Mtu mmoja hata alisema, "Torkild ana moyo."

Rikke akasema atatafuta sampuli nyingine kwenye tuta lililokuwa wazi, kama kuna mabaki, akafunga kompyuta yake. Watu wakaanza kukusanya vikombe. Mama Asta alitoka bila kufunga koti.

Torkild alimkuta nje, kando ya toroli lake, anahangaika na kofia. Alikuwa amelia, na amejifuta kwa glavu.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Miaka yote hii unafanya kazi safi, halafu bibi mmoja mjinga na nailoni yake anakuharibia. Watasema nini kiwandani?"

Torkild angeweza kuvumilia kutukanwa. Kuombwa msamaha na yule mama, hapana, hilo lilimshinda.

"Niliiona," akasema.

"Uliona nini?"

"Nailoni. Siku ya kuvuna. Nilijua haifai. Nikaipeleka."

Mama Asta aliacha kofia. "Siku ile uliyotabasamu?"

"Ndiyo."

"Mimi nikadhani umependa majani yangu."

Akamwambia basi yote, pale kwenye theluji, vichujio, saa kumi na tisa, neno aliloliandika. Alisema haraka haraka, macho kwenye gurudumu la toroli. Alipomaliza alingoja apigwe kofi. Mama Asta alikuwa anahesabu kitu kwa midomo.

"Nilikuuliza kama nile," akasema hatimaye. "Ukaniambia nile."

"Huenda haina kitu, mama. Sijui. Kweli sijui."

"Ulijua namna ya kujua." Akavaa kofia vizuri, akaivuta hadi kwenye nyusi. "Mimi nimekula mara nne, si neno, ni mzee. Lakini nimegawa mifuko kumi na mmoja. Nenda ndani ukamwambie yule binti wa halmashauri. Halafu utoke, tuna kazi."

Torkild akarudi ndani. Alisema mbele ya waliokuwa wanaosha vikombe, kwa hiyo na mimi nilisikia. Rikke Thorup hakupandisha sauti. "Jumatatu saa mbili, ofisini kwangu," akasema. "Na daftari la tanuri la Septemba, lile la asili. Na mtu yeyote mwenye sukuma ya upande huu asiile."

Alipotoka, mama Asta alikuwa ameshageuza toroli kuelekea barabarani. "Sukuma wewe," akamwambia. Hakusema mwanangu.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Vagn, baharia mstaafu. Mama Asta akagonga, na mlango ulipofunguka akasogea pembeni. "Mwambie wewe," akasema. Torkild akasema. Vagn akacheka mpaka akashika kitasa. "Nimeimaliza yote! Nimevuta tumbaku miaka sitini, leo niuawe na sukuma ya Asta? Toka hapa, Mchungaji, utanivunja mbavu." Torkild angependelea kutemewa mate.

Ikawa hivyo mchana kutwa. Mama Asta anagonga, anasogea, "mwambie wewe." Hakumsaidia hata neno moja. Wengine walileta mifuko yao kimya na kuitupa kwenye toroli bila kumtazama. Mmoja alimtukana vizuri, tusi refu la wakulima, na Torkild akamshukuru. Mwingine akamkaribisha kahawa kwa sababu hakuelewa, ikabidi asimuliwe mara ya pili, na mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa sasa Torkild alijisikia mwenyewe akisema "kuna uwezekano" na "kwa tahadhari," lugha yake ya ripoti. Mama Asta akamkatiza mara hiyo moja tu. "Sema ulidanganya."

"Nilidanganya," akasema Torkild.

Mlango wa tisa ulikuwa wa Kamille, mama kijana aliyehamia mwaka juzi. Alisikiliza na mtoto kiunoni, msichana wa miezi minane, shavu lina uji. Aliingia ndani, akarudi na mfuko wenye madonge matatu.

"Matatu amekula Elva huyu," akasema. "Namsagia na viazi. Anaipenda."

"Pole sana," Torkild akasema.

"Ulipita hapa Jumanne, na buti zako. Nilikuwa dirishani namlisha. Ulitupungia mkono." Alimwangalia kama mtu anayetafuta kosa kwenye hesabu yake mwenyewe. "Uliona kijiko kimejaa rojo la kijani. Ukapunga."

Ilikuwa kweli. Alikuwa ameona kijiko. Mlango ulifungwa taratibu, na Torkild akabaki anautazama ubao wake mweupe mpaka mama Asta akagusa toroli.

Wa mlango wa kumi hawakukawia. Jua lilikuwa linazama, saa kumi alasiri, na taa za mtaani zimewashwa. Toroli lilikuwa na mifuko saba, mingine imefunguliwa, na mitatu ilikuwa imeshaliwa yote.

"Tumemaliza," Torkild akasema.

"Kumi na mmoja, nilisema."

"Huo wa mwisho ni wa kwetu, mama Asta. Nitamwambia Lisbet mwenyewe."

"Twende," akasema mama Asta.

Walipofika, Torkild aliingiza mkono mfukoni kutafuta ufunguo. Mama Asta akampita na kubonyeza kengele. Akasogea pembeni. Torkild akasimama kwenye zulia la mlango wake mwenyewe, buti zinatiririka maji, akasikia hatua za mkewe zinakuja.

Lisbet alifungua na unga mikononi, nyuma yake harufu ya biskuti za Krismasi zenye viungo. "We Torkild, unapiga kengele ya nyumbani kwako? Umepoteza ufunguo tena? Mama Asta! Karibu, karibu, mbona mnasimama kwenye baridi?" Kisha akaona toroli. "Kuna nini?"

"Mwambie wewe," mama Asta akasema.

Alikuwa ameyasema kwenye milango kumi siku hiyo, na maneno yalikuja yenyewe. Vichujio. Saa kumi na tisa. Nailoni. Nilidanganya. Sukuma ya mama Asta isiliwe, tumekuja kuchukua mfuko.

Lisbet aliipangusa mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Akaitazama ile mifuko ya kijani kwenye toroli. Akamtazama mumewe.

"Lakini sisi hatuna," akasema polepole. "Si ulisema wetu ulipasuka?"

Mama Asta, ambaye siku nzima alikuwa amesimama pembeni akiangalia milango, aligeuka sasa akamwangalia yeye.

"Uliutupa lini?" akauliza.

"Jioni ya siku uliyouleta."

"Jioni ileile."

"Ndiyo."

Mama Asta akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepata jibu la swali alilokuwa hajaliuliza. Akashika mikono ya toroli kabla Torkild hajaifikia. "Basi uliowaacha wakila ni kumi," akasema, akaligeuza, akaondoka nalo mwenyewe, na gurudumu lake likasikika hadi mwisho wa mtaa.

Torkild akapanda kizingiti. Lisbet alikuwa bado ameshika mlango, unga kwenye mikono, na hakusogea kumpisha.